Bendi ya Umeme Yaingia Kijijini

Bendi yetu ina watu watano na mzee mmoja. Watu ni Solo, Besi, Kinanda, Dramu na Mwimbaji, na hayo ndiyo majina yao, maana ukikaa na watu kwenye gari moja msimu mzima majina ya nyumbani unayasahau. Mimi wa mitambo sihesabiwi: jukwaani sionekani, na kwenye mgawo nakuja baada ya dereva. Mzee ni laptopu. Anakaa kwenye kiti chake peke yake, habebi chochote, hapendi jua, na akinyamaza yeye tunanyamaza wote.

Kazi ya Mzee ni kutoa vile ambavyo mikono ya watu watano haivifikii: ngoma za kompyuta, miungurumo ya sinthesaiza, na sauti za kuitikia. Hizo za kuitikia alizirekodi Mwimbaji mwenyewe mara tatu, moja juu, moja katikati, moja chini, tukazilaza pamoja. Sauti hizo tatu naomba uziweke kichwani.

Kutoka kwa Mzee muziki unapita kwenye kadi ndogo ya sauti, ile ya kuchomeka kwa USB, yenye matundu mawili nyuma. Tundu la kulia linatoa muziki kwenda kwenye miksa. La kushoto linatoa tik-tik ya kumshikia Dramu mwendo, nalo halichomekwi kokote, maana likiingia kwenye miksa uwanja mzima utasikia tik-tik mpaka kesho. Dramu anavaa hedifoni: sikio la kushoto tik-tik, la kulia muziki. Sheria yake ni moja. Tik-tik ikienda, dramu inaenda, hata jukwaa likishika moto. Mtu akisimamisha dramu kwa mashaka yake mwenyewe, akirudi hatamkuta Mzee pale alipomwacha, na Mzee hamsubiri mtu.

Juu ya yote hayo Solo anakwaruza gitaa la roki, na chini yake unakwenda mwendo wa sindimba, ambao kiuno cha Mmakonde kinautambua kabla ya mwenyewe. Tulianzia kwenye harusi za Mtwara mjini, tukaambiwa tupunguze. Tukaenda Mikindani, tukaambiwa tupunguze zaidi. Tukagundua kwamba watu wanaotaka sauti kubwa wako kwenye viwanja vya mpira, bara, mbali na wakwe.

Shutuma inayotufuata kila mahali ni ya pleibeki. Mtu akiona laptopu jukwaani hana swali tena: hawa wameweka CD, wanatingisha midomo. Kinanda ana jibu lake refu. Linaanzia Düsseldorf, Ujerumani, 1970, Ralf Hütter na Florian Schneider walipoanzisha bendi ya Kraftwerk. Linapita Uingereza kwa bendi ya OMD, waliokuwa na mashine ya tepu jukwaani wakaipa jina la Winston. Linatua 1983, mwaka ambao midi, lugha ya vyombo vya umeme kupeana amri, iliingia sokoni na vinanda vya kampuni tofauti vikaanza kuelewana. Ni jibu zuri, ila linataka robo saa, na mtu aliyekasirikia kiingilio chake hana robo saa.

Bendi ya Kusini ina msimu mmoja tu wa maana, wa korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaanza kushuka kwa wakulima, ndipo mtu anapotoa 3,000 ya kiingilio bila kikao cha familia. Kwa hiyo safari zetu hazifuati ramani, zinafuata malipo. Tukisikia chama cha msingi fulani kimelipa, tunafuta jeki zote, zile ncha za waya za kuchomeka kwenye vyombo, kwa spiriti (chumvi ya bahari ya Mtwara inaziotesha kijani, na jeki ya kijani inakoroma), tunapakia. Spika chini, ampu ya besi juu yake imelala chali, dramu katikati zikiwa zimefungwa na mablanketi ya nyumbani kwa Besi, Mzee mbele kwa dereva kwenye mapaja ya Kinanda. Hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami na maongezi. Kutoka pale kuelekea Tandahimba, wakati huo, ilikuwa vumbi na michepuko, na skrubu za kinanda zilijilegeza zenyewe njia nzima. Ukifika, kabla ya kuwasha chochote, kiinue kinanda ukitikise. Kikilia ndani, fungua kwanza. Skrubu iliyoangukia kwenye bodi ikikutana na umeme, kinanda umekwisha.

Kijiji chenyewe sikitaji. Kiko juu ya uwanda wa Makonde, mikorosho imefika hadi milangoni, kina ofisi, uwanja wa mpira, na nguzo za umeme zimesimama mstari safi kabisa. Waya ndio ulikuwa bado.

Mchora mabango alipewa maneno haya: bendi ya muziki wa vyombo vya umeme. Kitambaa kikawa kifupi. Akaandika: BENDI YA UMEME INAKUJA JUMAMOSI SAA 2 USIKU UWANJA WA MPIRA, WOTE MNAKARIBISHWA. Halafu, kwa kuwa ni kijana mwenye bidii, akaenda kulifunga mwenyewe palipokuwa na urefu wa kutosha. Kwenye nguzo ya umeme.

Tulifika saa tisa alasiri tukakuta umati. Hatujawahi kukuta umati saa tisa alasiri. Wazee wamevaa kanzu na koti, kina mama wametulia kwenye mikeka, watu wana bahasha na picha za pasipoti. Mwenyekiti wa kijiji akaja na wajumbe wake. Tukatoa shikamoo, akaitikia, akasema, "Karibuni sana wataalamu." Kinanda ameisubiri siku ya kuitwa mtaalamu tangu aache chuo, kwa hiyo hakuuliza lolote.

"Kazi itachukua muda gani?" akauliza Mwenyekiti.

"Tukianza saa mbili, mzee, saa sita tumemaliza," akasema Solo.

"Usiku huuhuu?"

"Usiku huuhuu."

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akauliza kama na nyumba za kule bondeni zitafikiwa. Besi akamtoa wasiwasi: "Hata za bondeni, bibi, tumekuja na spika kubwa. Upepo ukiwa upande wetu watapata vizuri tu."

Sasa sikiliza hesabu. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, na habari hiyo inajulikana hadi kwa watoto. Kiingilio chetu ni 3,000. Gawa: tisa kamili, haibaki hata senti. Ingebaki chenji, mtu angeuliza. Utingo wetu, aliyekaa mlangoni na kitabu cha tiketi, anapokea 27,000, anaona huyu amelipia ukoo, anachana tisa. Mwenye fedha anapewa karatasi tisa zenye mhuri, anaondoka ameridhika, maana mkulima wa korosho amezoea stakabadhi na hizi zilikuwa nyingi. Babu mmoja ndiye aliyeuliza za nini zote.

"Moja kwa kila mtu, babu."

Babu akahesabu vidole: yeye, bibi, vijana, wajukuu wa chumba cha uani. Akaona serikali safari hii imejipanga.

Utingo alianza kushangaa alipoulizwa mita inafungwa ndani au nje. Kufikia hapo kisanduku kilikuwa hakifungiki, na kijana mmoja mjanja wa pale, aliyeona gitaa likishushwa akaelewa mapema, alikuwa ameshaanza kangomba, ule ulanguzi wa korosho: ananunua tiketi za wenzake kwa 1,000 moja kabla hawajajua kinachouzwa.

Mimi nilikuwa na yangu. Jenereta tulilokodi mjini liliandikwa kVA 2.5, na jenereta la petroli la kiasi hicho, ukitaka lifanye kazi saa nne mfululizo bila kulalamika, usilibebeshe zaidi ya wati 2,000. Vitu vyetu nilishavipigia hesabu: spika nne kwa muziki wa kawaida 600, taa nane za LED za wati 30 ni 240, ampu ya besi 200, ya gitaa 100, Mzee 65, miksa 30, kinanda 15. Jumla 1,250. Petroli lita moja na kidogo kwa saa. Ekstensheni ya mita 50 niliifungua yote kwenye gurudumu lake. Hili watu hawalizingatii: waya uliobaki umezungushwa unapata joto, plastiki inalainika, na shoti yake inakuja katikati ya wimbo wa mapenzi. Hata ukifunguliwa wote, waya wa milimita za mraba 1.5 wa mita 50 ukivuta ampea 5 unakula volti 7 hivi njiani, kwa hiyo jenereta nililiweka mbali kiasi cha kelele tu, nyuma ya jukwaa, si zaidi.

Niligundua pia kwamba mwenye jenereta alikuwa ameiruka sakiti breka kwa kipande cha waya. Usiku ule na njia ile, breka ningeipata wapi? Nikajiambia wati 1,250 haziwezi kuleta balaa, nikaenda kwenye miksa, mita 30 mbele ya jukwaa, katikati ya watu.

Saa mbili tukawasha. Taa zilipowaka, kabla hata ya noti ya kwanza, kilisikika kigelegele ambacho Mwimbaji mpaka leo anaamini kilikuwa chake. Muziki ulipoanza hakuna aliyeshangaa sana. Uzinduzi gani wa serikali hauna burudani? Mwenyekiti alikaa mbele, mguu juu ya mguu, akisubiri sehemu ya hotuba.

Burudani ikiendelea, wananchi wakaanza kutumia umeme wao.

Kwanza simu. Mwisho wa ekstensheni, karibu na spika ya kulia, palikuwa na soketi za akiba. Kijana mmoja akaleta soketi yake ya matundu sita, mwingine akachomeka yake humohumo, na kwa muda mfupi meza ya shule ilikuwa imefunikwa simu. Simu arobaini kwa wati saba na nusu ni 300. Kinyozi akaja na mashine yake na mteja akiwa na shuka shingoni. Wati kumi, sina ugomvi naye. Jenereta likabadilisha mlio kidogo, ule wa kuzama kila dramu kubwa inapopigwa, nami nikapunguza taa.

Halafu nikaiona friji.

Mwenye duka aliinunua nguzo ziliposimikwa, akawa anahifadhia unga. Sasa inakuja juu ya mkokoteni, inapita kati ya watu, vijana wanne wameishika. Nilipiga kelele. Lakini mtu wa mitambo akipiga kelele mbele ya spika nne anafanana tu na mtu anayefurahia muziki. Dada mmoja akanishika mkono tucheze. Nikaanza kusukuma watu kwenda mbele, wao wakaendelea kuishusha.

Friji ndogo ya duka ikishatulia inakula wati 120 hivi. Shughuli iko kwenye kuanza: kwa kitambo kisichofika sekunde kompresa yake inavuta mara kadhaa ya hapo, na 1,000 haiioni tabu. Zetu 1,250 kasoro kidogo, simu 300, kinyozi 10, friji 1,000. Breka ingekuwepo huenda ingeruka, tungecheka. Haikuwepo. Jenereta likaguna, taa zikapepesa, likaguna tena, likazima.

Giza la uwanda wa Makonde bila mwezi si la mchezo. Na mtu yeyote atasema si mwashe tochi za simu. Simu zote za kijiji zilikuwa mezani zinachajiwa. Watu arobaini wakaikimbilia meza moja gizani, kila mmoja akipapasa simu nyeusi kati ya simu nyeusi. Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa.

Ila dramu haikusimama. Mzee ana betri. Kadi ya sauti inakula umeme wa Mzee kupitia USB. Hedifoni inakula kwa kadi. Kwa hiyo masikioni mwa Dramu hakuna kilichotokea: tik-tik inaenda, muziki unaenda, macho ameyafumba kama kawaida yake, na sheria anaijua. Akapiga. Dramu kavu, gizani, mwendo wa sindimba, na watu ambao hawakuwa wakitafuta simu wakacheza kuliko walivyocheza saa nzima na nusu iliyotangulia. Solo hapendi nilitaje hili.

Mwimbaji ndiye mwenye mikono mitupu, kwa hiyo akaruka nyuma kwenda kuvuta kamba ya jenereta. Mimi nikapapasa hadi kwenye friji nikang'oa plagi. Mwenye friji akanishika shati: mbona anakatiwa umeme yeye peke yake wakati amelipa? Nilitaka kumweleza kwamba kompresa iliyozimika ghafla inahitaji dakika tatu hadi tano presha yake ishuke, ukiiwasha mapema inakwama na kuvuta zaidi, lakini shati lilikuwa linabana. Kule nyuma, msamaria mwema alikuwa ameshafunga choki. Injini ya moto haitaki choki. Ukiifunga unaizamisha kwa petroli. Nikapiga kelele fungua choki, zima swichi ya ekstensheni, vuta mara mbili kutoa mafuta, halafu vuta kweli. Mwimbaji akavuta. Likashika. Likatulia. Akarudisha swichi.

Wimbo ule una mipigo 128 kwa dakika. Mizunguko 32 ya mipigo minne ni sekunde 60 juu ya alama. Giza lilichukua dakika moja, na mzunguko wa 33 ni kiitikio.

Miksa yetu ni ya analogi, haina mambo ya kujiwasha taratibu. Taa zikarudi, spika zikapiga pu, na Mzee, ambaye hakuwa ameacha hata nusu pigo, akaingia na kiitikio. Sauti tatu za Mwimbaji, moja juu, moja katikati, moja chini, tamu ajabu, zikiapa kwamba hatabanduka mbele ya mpenzi wake. Maiki imesimama peke yake katikati ya jukwaa. Mwenyewe amechuchumaa kando ya jenereta, kamba mkononi, petroli hadi kwenye viwiko, anapiga chafya.

Umati ukaangalia maiki. Ukamwangalia yeye. Ukaangalia sauti inakotoka, kwenye spika ya kulia. Kando ya spika ya kulia palikuwa na friji.

"Mama," mtoto mmoja akasema, na hapo ndipo Dramu alipofungua macho akasimama, kwa hiyo kila mtu alisikia, "anayeimba yumo kwenye friji!"

Watoto wakaifungua. Mlikuwa na unga, na kreti ya soda.

Kilichofuata ni kelele za pleibeki, za umeme uko wapi, na za nani kachukua simu yangu, zote pamoja. Mwenyekiti akapanda jukwaani, akaomba maiki, akakumbuka yaliyotokea, akaikataa, akaongea kwa mdomo wake. Akafungua baraza palepale. Kinanda akasimama kututetea, akaanzia Düsseldorf. Kwa kuwa alikuwa na muda, akaongeza kwamba Kraftwerk walifika mahali pa kuweka masanamu yao, na baadaye maroboti, yasimame jukwaani badala yao.

Mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho. "Na hao," akauliza, "viingilio walirudisha?"

Hukumu ikatoka. Mwimbaji aimbe bila kitu, tumsikie. Akaimba, na anajua kuimba, hilo hatukuwahi kulidai kwa uongo. Akapita. Besi apige. Akapita kwa shida, maana kwenye viitikio amezoea kumwachia Mzee. Mzee akaonekana ndiye tatizo. Akaletewa kiti, akakalishwa nje ya mstari wa uwanja chini ya mgambo mwenye rungu, na onyo kwamba asiguswe hadi saa sita. Tukapiga zilizobaki bila yeye, mwendo ukipanda na kushuka kadiri Dramu alivyosikiliza moyo wake, watu wakicheza. Kinyozi alimalizia upande wa pili wakati wa mapumziko.

Asubuhi ikawa ya kurudisha fedha. Mwenyekiti alitoa kanuni: aliyelipa 27,000 akaingia peke yake arudishiwe 24,000; aliyeingiza watu tisa hana dai. Wengi walikubali. Waliouza kwa kijana wa kangomba walikwenda kumtafuta kijana wa kangomba. Babu wa chumba cha uani alikataa kabisa kurudishiwa. Tiketi zake tisa amezifunga kwenye mfuko wa nailoni, ameziweka na hati ya shamba. Waya ukija, anasema, yeye yuko mbele kwenye foleni.

Tangu hapo bango linaanza na neno MUZIKI, kubwa kuliko mengine. Breka tulinunua yetu, ampea 10, ipo kwenye kisanduku chenye kufuli. Viitikio vya Mzee vimepunguzwa hadi sauti moja, ya juu, ambayo Kinanda anaweza kudai ni yake. Na kuchaji simu tunatoza 500 kwenye meza maalumu, hadi simu ishirini, baada ya hapo foleni. Kuna usiku Newala meza ile iliingiza fedha kuliko mlango.

Mikataba nayo ina kifungu kipya, kwamba mwenyeji hataruhusu friji kuchomekwa kwenye umeme wa bendi. Mwenyeji wetu wa Masasi alisomewa kwa simu, neno kwa neno, akasema amekielewa vizuri, hana tatizo nacho.

"Ila," akauliza, "friza je?"